Nataka kuvua trauti usiku kwa flai, je ninunue vifaa gani?

"Nina miaka 3 navua trauti, wale samaki wa maji baridi, kwa flai, yaani chambo bandia kilichofungwa kwenye ndoano, lakini mchana tu. Rodi yangu (fimbo ya kuvulia) ni futi 9 namba 5, mshipi wa kuelea namba 5, lida (ule uzi unaounganisha mshipi na flai) ndefu ya futi 9 inayoishia na uzi mwembamba wa 5X. Nasikia trauti kahawia wakubwa wanatoka usiku ndo maana nikajaribu mara mbili. Mara ya kwanza uzi ulinisokotana mpaka nikakata tamaa nikarudi, mara ya pili nilisikia samaki wakiigonga flai kama mara 4 hivi, kila nikivuta rodi juu hamna kitu. Rafiki yangu anasema shida ni vifaa, eti ninunue rodi namba 8, mshipi unaong'aa gizani na tochi ya kichwani yenye mwanga mkali kabisa. Kabla sijatoa hela naomba ushauri. Na niseme ukweli, kuogelea sijui vizuri na kuingia kwenye maji nisiyoyaona kunanipa hofu."

Ndugu yangu, nimefurahi umeuliza kabla ya kununua, maana kati ya hivyo vitu vitatu alivyokutajia rafiki yako, kimoja kina nusu ya ukweli na viwili vitakuharibia usiku wako. Na hiyo hofu ya maji wala usiione ni jambo la pembeni, nitaifikia.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Usiku kazi yote ya macho inahamia kwenye vidole na masikio. Kwa hiyo ukishika kifaa chochote dukani jiulize, hiki naweza kukitumia nikiwa nimefumba macho? Kama jibu ni hapana kirudishe kwenye rafu. Ukishika hilo moja, nusu ya maswali yako yanajijibu yenyewe.

Tuanze na tochi maana ndo kosa linalofanywa na karibu kila anayeanza. Jicho lako lina seli za aina mbili, kuna za mchana zinazoona rangi na kuna za giza ambazo rangi hazijui ila mwanga kidogo sana zinaunasa. Hizi za giza zinatumia kemikali inaitwa rodopsini, mwanga mkali ukiipiga inavunjika, alafu inajengeka upya taratibu. Kuanza kuona vizuri gizani kunahitaji dakika 20 mpaka 30, na jicho linazidi kuzoea hata baada ya hapo. Sasa fikiria umekaa nusu saa nzima ukingoni macho yamezoea, unaona kabisa mstari wa miti na pale maji yanapong'aa, alafu unawasha tochi kali ili ufunge fundo moja. Umerudi mwanzo, dakika 20 nyingine unatembea kama kipofu, na ni katika hizo dakika watu wanakanyaga jiwe lisilokuwepo.

Samaki naye ana shida kama yako, pengine kubwa zaidi. Trauti hana kope na mboni yake haijifungi kama ya kwetu, badala yake giza likiingia seli zenyewe ndani ya jicho zinasogea, za mchana zinajificha na za giza zinajitokeza, na hilo linachukua muda. Ukimmulika usiku unamkuta seli za giza ziko wazi zote. Nakumbuka usiku mmoja hakuna mwezi, nikawasha tochi nyeupe kama sekunde 3 tu nione kama ndoano imeshika nyasi. Hatua 4 mbele yangu, kwenye maji yasiyofika goti, kulikuwa na trauti mrefu kama mkono wangu kuanzia begani, ametulia tuli. Akageuka mara moja, wimbi likaja likanigonga buti, na kidimbwi kizima kikanyamaza mpaka nilipoondoka. Nilikuwa nimesimama karibu naye saa nzima narusha mbali, kule katikati!

Kwa hiyo nunua tochi mbili za kawaida. Moja ya kichwani yenye taa nyekundu hafifu, na uhakikishe ina swichi inayowasha nyekundu moja kwa moja bila kupitia nyeupe, ziko nyingi zinazoanza na nyeupe na hizo zitakuudhi. Ya pili nyeupe yenye nguvu inakaa mfukoni kwa ajili ya kutembea kurudi na kwa dharura. Nyekundu inasaidia kwa sababu seli za giza haziusikii sana mwanga mwekundu, ila hapa kuna uongo mmoja unazunguka sana kwamba samaki haoni mwekundu kabisa. Anauona! Hafifu inamsumbua kidogo, kali inamsumbua vizuri tu. Ukitaka kuwasha, geuka uyape maji mgongo, inamisha kichwa, washa, maliza, zima.

Ule mshipi unaong'aa gizani sikushauri. Ili ung'ae lazima uuchaji kwa mwanga mkali kila baada ya muda, yaani unajiharibia macho kila mara, alafu unapitisha mstari wa mwanga juu ya kichwa cha samaki uliyemvizia jioni nzima. Mshipi wa kuelea wa rangi nyeupe au krimu unatosha, ukiuangalia dhidi ya anga utauona kidogo na hicho kidogo ndo unachohitaji.

Rodi sasa. Hapa rafiki yako ana hoja ila kapitiliza. Flai za usiku ni kubwa, zile za mfano wa panya za manyoya au povu zinakamata hewa kama mwavuli, na rodi namba 5 inazibeba kwa shida. Namba 6 au 7 ya futi 9 inafanya kazi hiyo bila kukuchosha bega. Namba 8 inarusha pia, ila trauti wa kawaida humsikii vizuri, na wewe usiku unaishi kwa kusikia. Lakini usinunue bado. Hiyo yako namba 5 inaweza kukufikisha mbali ukibadilisha mshipi tu, na sababu ni hii hapa.

Namba ya mshipi inatokana na uzito wa ile sehemu ya mbele ya futi 30, kama mita 9. Namba 5 sehemu hiyo ina gramu 9 hivi, namba 6 ni gramu 10 na kidogo, namba 7 ni 12. Rodi imetengenezwa ipinde vizuri ikibeba uzito huo wote hewani. Usiku hurushi mbali, mara nyingi mshipi ulio nje ya ncha ni mita 6 au 7, kwa hiyo rodi inabeba uzito pungufu, haipindi, mkono wako hausikii kitu, unaharakisha, na kinachofuata ni lile sokotano lako la siku ya kwanza. Ukiweka mshipi namba 6 kwenye rodi yako namba 5, tena ule ambao uzito wake umelundikwa mbele, rodi itapinda hata kwa mrusho mfupi na utaisikia ikikuvuta mkono ikiwa tayari kwenda mbele. Huo mvuto ndo saa yako gizani. Mchana unageuka kuangalia mshipi umenyooka nyuma, usiku unasubiri uvutwe.

Na lida yako ndo mkosaji mkubwa kuliko rodi. Futi 9 ikiishia na 5X, huo ni uzi wa milimita 0.15, ni mzuri mchana kwenye maji meupe na flai ndogo. Usiku ukifungia flai kubwa hapo hauna nguvu ya kuigeuza, flai inaanguka juu ya mshipi wenyewe na kujizungusha. Kata. Tumia lida ya futi 6 au 7 inayoishia na 1X au 0X, yaani milimita 0.25 mpaka 0.28. Watu wanaogopa uzi mnene wakidhani samaki atauona, ila giza limemwondolea nafasi ya kukagua uzi, anachokiona ni kivuli cha flai dhidi ya anga na anachokisikia ni maji yanavyosukumwa. Uzi mnene unakufaa pia kwa kumleta samaki haraka kabla hajaingia chini ya mizizi, na kama unamwachia anarudi majini bado ana nguvu. Chagua naironi, achana na fluorokaboni kwa flai za juu, kwa sababu fluorokaboni ni nzito zaidi, inazama na kuvuta pua ya flai chini.

Tengeneza lida 3 au 4 nyumbani mezani kwenye mwanga, kila moja na flai yake imeshafungwa na kitanzi upande wa pili, zikunje kwenye vibahasha tofauti. Ikisokotana gizani usijaribu kufumua, hata kama unaona ni fundo moja tu. Chomoa kitanzi kwa kitanzi, weka nyingine, endelea. Kufumua uzi kwenye taa nyekundu kunakula dakika 20 na hasira juu.

Kuna kajambo kadogo kanakonisaidia kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua. Nenda mchana pale utakaposimama usiku, rusha mpaka flai ifike unapotaka, alafu pale kidole chako cha shahada kinaposhika mshipi kwenye mpini, funga kipande cha naironi kuzunguka mshipi, kaza, kata ncha fupi kabisa. Kinabaki kifundo kama kichwa cha pini, kinapita kwenye pete za rodi bila kukwama. Usiku unavuta mshipi kutoka kwenye rili mpaka kidole kikikutana na hako kafundo, unajua urefu ni ule ule wa mchana, hutapiga matawi ya ng'ambo.

Flai nyeusi. Watu wanashangaa, usiku mweusi na flai nyeusi tena? Samaki yuko chini anaangalia juu, na anga hata bila mwezi lina mwanga zaidi kidogo kuliko kitu kilicho mbele yake. Nyeusi ndo inakata kivuli kikali zaidi, nyeupe inamezwa na anga. Alafu umbo linene linalosukuma maji, kwa sababu trauti ana ule mstari wa ubavuni unaosikia mtikisiko wa maji kwa karibu, umbali wa mwili wake mmoja au miwili hivi. Macho na masikio yanamleta jirani, mstari wa ubavuni unamsaidia kumaliza. Ndo maana mwendo wa flai uwe wa kueleweka, polepole, bila kubadilisha badilisha, ili aweze kukisia itakuwa wapi atakapofungua mdomo. Kuvuta kwa kurukaruka kunamfanya akose.

Na hapo tunafika kwenye samaki wako 4. Nina uhakika mkubwa hukuwakosa kwa sababu ya vifaa. Umeandika "nilisikia samaki wakiigonga flai" na "kila nikivuta rodi juu". Ndo hapo. Sauti inafika sikioni kabla samaki hajafunga mdomo na kugeuka, mara nyingi ameifuata kwa nyuma akagusa mkia au kasukuma maji tu. Ukisikia mlipuko wa maji na ukainua rodi, unamnyang'anya. Mwili mzima utataka kuinua, ujizuie. Ncha ya rodi iwe chini, inaelekea kwenye flai, mshipi hauna ulegevu, ukisikia sauti endelea kuvuta kwa kasi ile ile kama vile hujasikia. Mara nyingi anarudi mara ya pili. Subiri mpaka usikie uzito, yaani mshipi unakazika kwenye kidole, hapo vuta kwa mkono wa mshipi kwa nguvu alafu ndo rodi ifuate kwa pembeni. Jitayarishe itakuchukua usiku kadhaa kuizoea, hamna anayeipata siku ya kwanza.

Hapo kwenye ndoano, bana ile miba yake kwa koleo kabla hujatoka nyumbani. Usiku ndoano inaweza kuingia sikioni kwako kirahisi kama inavyoingia kwa samaki, na isiyo na miba inatoka kwa dakika moja. Miwani ya lenzi nyeupe isiyo na rangi ni lazima, hata kama macho yako mazima. Hiyo kwangu haina mjadala.

Sasa maji. Wanasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, mimi nakuambia haya ya usiku usiyavulie kabisa kwa msimu huu wa kwanza. Vua samaki ukiwa ukingoni. Hupotezi chochote, kwa sababu wale wakubwa waliojificha mchana kwenye kina, usiku wanasogea kwenye maji mafupi kuwinda samaki wadogo, kama yule niliyemmulika. Tafuta kidimbwi kimoja chenye changarawe, nyuma yako pawe wazi pasipo miti, uende mchana mara 2 au 3 mpaka ujue kila jiwe, wapi utatembea, wapi utatokea. Kidimbwi kimoja tu usiku mzima. Lile eneo la chini kidimbwi kinapoishia, pale maji yanapokuwa mafupi kabla ya kumwagika, ndo ningeanzia.

Baadaye ukitaka kuingia kwenye maji kwa zile suruali za mpira za kifuani, kuna imani moja inabidi niitoe. Watu wanadhani zikijaa maji zinakuzamisha kama jiwe. Sio hivyo, maji ndani ya maji hayana uzito wa kukuvuta chini, shida inakuja ukitaka kutoka, maji yote yale yanakuwa mzigo na miguu hainyanyuki, na mkondo unakusukuma kirahisi zaidi. Mkanda uliokazwa kiunoni unapunguza maji yanayoingia, kwa hiyo hauvuliwi hata ukiona joto. Kinachoua haraka zaidi ni baridi ya ghafla, maji yakiwa chini ya nyuzi 15 mwili unashtuka, unavuta pumzi bila kutaka, na ukivuta ukiwa umezama ni maji unayoyavuta. Ukianguka lala chali, miguu mbele kuelekea mto unakoelekea, tulia mpaka pumzi irudi ndo utafute ukingo. Kwa asiyeogelea vizuri vaa jaketi la kuelea lile jembamba linalojaza upepo, hata ukiwa ukingoni. Usiende peke yako, mtu nyumbani ajue uko kidimbwi gani na unarudi saa ngapi, na kama juu ya mto kuna bwawa la kufua umeme ulizia wanaachia maji saa ngapi kwa sababu mto unaweza kupanda gizani usijue.

Mawili ya haraka. Sehemu nyingine kuvua trauti usiku hairuhusiwi au kuna saa maalum, uliza ofisi ya uvuvi inayosimamia mto wako kabla ya kwenda, na kibali chako cha mchana kisikupe uhakika. Na beba kipimajoto. Watu wanadhani usiku maji yamepoa, wakati baada ya siku ya jua kali mto unakuwa bado na joto mpaka usiku wa manane, unafikia baridi yake karibu na alfajiri. Ukikuta nyuzi 20 au zaidi acha kuvua, samaki hana oksijeni ya kutosha na hata ukimwachia anaweza kufa nyuma yako.

Kuna vitu maandishi yangu hayawezi kukufundisha. Mrusho wa taratibu wenye tanzi pana, yaani mshipi ukipinda kwa upana hewani, kusubiri ule mvuto wa nyuma, tafuta mwalimu wa kurusha akae na wewe saa moja kwenye uwanja wa nyasi, umwambie akufunge kitambaa machoni. Hiyo saa moja itakusaidia kuliko rodi mpya. Kuogelea pia tafuta mwalimu, kwenye bwawa la kuogelea, sio mtoni na marafiki. Na ndoano ikiingia jichoni au kwenye kope usiichomoe, usioshe, usibonyeze, kata uzi, funika kwa kikombe au kitu kisichogusa jicho, nenda hospitali usiku huo huo. Ikizama kwenye kidole karibu na kiungo nenda pia, na waulize kuhusu sindano ya pepopunda.

Kwa hiyo hela yako kwa sasa iende kwenye mshipi namba 6 mweupe, naironi ya 0X, tochi ya taa nyekundu, miwani na jaketi la kuelea. Rodi namba 6 au 7 isubiri mpaka umeshanasa wawili watatu na hii uliyonayo. Subiri usiku usio na mwezi au mwezi uliochelewa kutoka, fika jua halijazama, kaa chini ukingoni, usirushe kitu mpaka giza limeshika na umeacha kuziona rangi za majani. Baada ya hapo rusha ya kwanza karibu, mita 4 tu kutoka miguuni kwako, hapo ndo nilipompita yule wangu.